Namna ya Kumlisha Mtoto Mwenye Mzio wa Chakula

Mtoto akila yai, njugu au kamba, kisha baada ya dakika chache, au ndani ya saa mbili, akatoka vipele vya kuwasha, akavimba midomo au akatapika, wazazi wengi hushikwa na hofu wakamkataza karibu kila kitu. Tafadhali usifanye hivyo, kwani mtoto anayenyimwa vyakula kwa kubahatisha hudhoofika na chanzo kisijulikane. Andika katika daftari alichokula, saa aliyokula na dalili zilivyoanza, kisha mpelekee daktari ili apime kile kinachoshukiwa.

Kikithibitishwa, kiondoe kabisa. Hapa Mombasa taabu kubwa iko kwenye vyombo na vyakula vya kununua. Kinu kilichotwangiwa njugu za kashata hubaki na ungaunga katika mikwaruzo yake hata baada ya kusuuzwa, kwa hiyo mtengee mtoto kinu chake. Karai ya viazi huenda imekaangiwa samaki kwa mafuta yale yale, na moto wa karai haumalizi mabaki hayo; muulize muuzaji kabla hujanunua. Jirani anayeleta sahani ya futari naye aelezwe waziwazi, maana hakuna anayependa mtoto wa mwenzake adhurike kwa chakula chake.

Ukiondoa chakula, weka kingine chenye lishe ileile. Mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe usimpe ya mbuzi, kwa kuwa protini zake zinafanana mno. Tui la nazi nalo halina protini wala kalsiamu ya kutosha kushika nafasi ya maziwa. Lipikie mbaazi au maharagwe, na kalsiamu itoke kwenye sukuma wiki na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ikiwa samaki hawamdhuru. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, maziwa mbadala huchaguliwa na daktari.

Mzio wa maziwa na mayai mara nyingi huisha mtoto akikua, ilhali ule wa njugu na samaki hudumu zaidi. Hata hivyo, usijaribu kumrudishia chakula hicho nyumbani bila idhini ya daktari.

Akianza kupumua kwa shida, sauti ikakauka au akalegea, mchome sindano ya adrenalini ikiwa aliandikiwa na umkimbize hospitali saa hiyohiyo. Mlaze na miguu iinuliwe, au mkalishe ikiwa pumzi inambana, wala usimsimamishe. Dawa ya kumeza ya kutuliza mwasho haitoshi.