Kikao cha kwanza cha tiba ya kiwewe: hulazimiki kusimulia

Kama unaanza tiba ya kiwewe, yaani ya majeraha ya moyoni yanayoachwa na tukio la kutisha, wiki hii, usijitese kupanga namna ya kusimulia yaliyokupata. Vikao vya mwanzo mara nyingi ni vya kuulizana kuhusu usingizi, hamu ya kula, nani yuko nawe nyumbani, na kujifunza kujituliza moyo unapoanza kwenda mbio: nyayo sakafuni, pumzi ndefu, taja vitu vitano unavyoviona. Ukitaka kiti kinachotazama mlango, omba. Ukichoka kuongea, sema "tuishie hapo". Mshauri wa kunichimba kwa nguvu siku ya kwanza mimi ningemkimbia. Halafu usipange kurudi kazini moja kwa moja baada ya kikao. Uchovu wake ni kama umefua mablanketi, na usiku ndoto zinaweza kuchachamaa. Zikija, mwambie mshauri wako kikao kijacho.