Safari ya kishua ya wanyama ukitokea Dar

Wadau mnaouliza safari ya maana ukitokea Dar, anzeni na Hifadhi ya Nyerere, ile iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Ndege ndogo zinaondokea Terminal 1 pale uwanja wa ndege wa Dar, JNIA, chini ya saa moja ushafika, ila begi liwe laini la kitambaa, kilo 15 hivi, sanduku gumu linasumbua. Nendeni Juni mpaka Oktoba, masika kambi nyingi zinafungwa.

Kabla hujalipa kambi waulize, wafanyakazi wangapi wametoka vijiji vya jirani, na wanachangia nini kwenye doria za kuzuia ujangili? Wakibabaisha tafuta kambi nyingine, hela yenyewe ni nyingi hiyo.

Boti ya jioni mto Rufiji usiikose kabisa, nahodha akizima injini mbali kidogo na viboko kaa kimya tu, mi nilimsikia mmoja anaibuka anapumua pfuuu, maji yanaruka kama moshi, masikio yanapepea, nikasahau hata simu mkononi.

Na mkikuta mbwa mwitu wana watoto shimoni tafadhali usimshawishi dereva asogee wala aache njia, wakisumbuliwa wanaweza kuhamisha watoto, na hawa wamebaki wachache sana duniani jamani.