Word, Writer au Google Docs? Amua kabla ya ukurasa wa kwanza

Nachapa na kujalidi kazi za watu katikati ya Nairobi, ghorofa ya pili, juu kidogo ya Mtaa wa Tom Mboya. Muhula ukikaribia kwisha wanafunzi hunijia na flashi mkononi na lalamiko lilelile: "Bosi, nyumbani zilikuwa kurasa 84, mbona hapa ni 91?" Kosa huwa lilishafanyika zamani, siku alipochagua programu ya kuandikia bila kufikiri.

Hatua ya 1: anzia mwisho. Nani atapokea faili, na ataifanyia nini? Kama msimamizi wako husahihisha kwa Word, andika kwa Word, au kwa Writer, programu ya kuandikia iliyo ndani ya LibreOffice, ukihifadhi kama docx, yaani aina ya faili ya Word, tangu siku ya kwanza. Usirukeruke. Kinachohamisha kurasa mara nyingi ni fonti. Writer isipoipata Calibri huweka Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule, na Times New Roman nayo ina mwenzake, Liberation Serif. Lakini ile fonti ya madoido uliyoipakua mtandaoni haimo kwenye mashine yangu. Itawekwa nyingine yoyote, na hapo ndipo 84 inageuka 91.

Hatua ya 2: hesabu mikono. Mkiwa wengi, nendeni mtandaoni, sina ubishi. Niliwahi kuletewa katiba ya chama kwenye faili tano, mojawapo ikiitwa "KATIBA mpya ya mwisho kabisa 3". Google Docs ingewaacha wote waandike mahali pamoja na kuwaonyesha nani alibadilisha nini, lini. Word ya mtandaoni nayo ni ya bure ukiwa na akaunti ya Microsoft.

Hatua ya 3: angalia stima. Hapa wengi hukosea. Ukitumia kompyuta ya mezani isiyo na betri wala UPS, programu ya mtandaoni ndiyo salama zaidi, kwa sababu huhifadhi kila unapoandika. Stima ikikatika unapoteza maneno machache tu. Ukiwa na laptopu, mambo yanageuka: wewe una chaji, ruta imezima, na bando la simu linakwisha. Hapo programu iliyo ndani ya mashine inakufaa.

Vyovyote utakavyoamua, fanya haya leo. Kwenye Word, fungua File, kisha Options, kisha Save. AutoRecover, inayojihifadhia nakala ya dharura kila baada ya muda, huja ikiwa dakika 10, ishushe hadi 2. Kwenye Writer ni Tools, Options, Load/Save, General. Hiyo haikuondolei kazi ya kubonyeza Ctrl na S ili kuhifadhi. Kwenye Google Docs, washa hali ya nje ya mtandao katika mipangilio ya Drive, kwa Chrome au Edge, na uiwashe mtandao ukiwepo. Iwe laptopu yako mwenyewe. Kwenye kompyuta ya saiba usithubutu, na ukimaliza toka kwenye akaunti. Kila wiki nakuta barua pepe ya mtu imeachwa wazi.

Hatua ya 4: mfuko. LibreOffice ni bure kabisa, ila upakuaji wake unapita MB 300, kwa hiyo tafuta Wi-Fi. Google hukupa GB 15, lakini nafasi hiyo hugawana na Gmail na picha za simu yako. Word ya kukraki ya mtaani achana nayo, nimesafisha virusi vyake vya kutosha.

Hatua ya 5: jaribu. Andika kurasa tatu zenye jedwali, picha, tanbihi na namba za kurasa, kwanza za Kirumi kisha za kawaida. Zifungue kwenye kompyuta ya rafiki. Kitu kikihama, badilisha programu sasa, si ukiwa sura ya nne.

Mimi tasnifu ningeianza Google Docs, nichangiwe maoni, halafu niihamishe Word au Writer mara moja tu, kabla ya kupanga kurasa na yaliyomo. Baada ya hapo hairudi mtandaoni.

Siku ya kuchapa niletee PDF, na docx kando kama kuna la kurekebisha. Flashi nitaiskani kwanza, usinikasirikie.