Kucheza Michezo ya Windows kwenye Mac Ukiwa Nairobi: Pima Umbali Kabla ya Kulipa

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, hapa Kasarani, kwenye MacBook Air ya M1 yenye memori ya GB 8. Usiku kazi ikiisha, ninachotaka ni Age of Empires II, na toleo lake la sasa halikutengenezewa Mac. Vilevile EA Sports FC, ambao vijana wa mtaani huushindania kwenye vibanda vya PlayStation. Mac za Intel ziliweza kuwekewa Windows kwa Boot Camp. Zile zenye chipu za Apple yenyewe, zilizoanza kutoka Novemba 2020, haziwezi. Njia isiyoichosha laptopu ni kuacha mchezo uendeshwe na kompyuta nyingine, wewe upokee picha na kutuma amri tu.

Nilianza vibaya. Nililipia mwezi mzima wa huduma moja ya ng'ambo kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, bila kupima chochote. Picha ilikuja safi, lakini kila nikibofya, askari wangu walikaa kidogo ndipo wakageuka. Nikampigia mdogo wangu anayeishi mtaa wa Umoja, ambaye ni fundi wa kompyuta.

"Dada, mtandao wako hauna shida," akaniambia. "Seva yao iko wapi?"

Seva, yaani kompyuta inayoendesha mchezo, ilikuwa Ulaya, na hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kutoka Nairobi hadi London angani ni kama kilomita 6,800, kwa hiyo hata kebo ingenyooka kama rula, kwenda na kurudi kungekula milisekunde 68. Na kebo hainyooki: inashuka Mombasa, inaingia baharini, inazunguka. Mchezo wa fremu 60 kwa sekunde hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 17 hivi. Ununue Mbps 15 au 500, umbali ni uleule. Tena kebo zenyewe hukatika: Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa kusini, mtandao wa nchi nzima ulizorota.

Kwa hiyo pima kwanza. Fungua Terminal, programu ya Mac ya kuandikia amri, andika networkQuality, subiri kidogo. Amri hii ipo kwenye macOS tangu Monterey. Watu huangalia Mbps. Wewe angalia namba ya RPM, yaani safari za kwenda na kurudi kwa dakika. Gawanya 60,000 kwa namba hiyo, utapata milisekunde za kwenda na kurudi laini yako ikiwa imelemewa. RPM 600 ni milisekunde 100. Rudia saa mbili usiku, majirani wote wakiwa wamerudi nyumbani, maana hiyo ndiyo saa utakayocheza. Kisha pima umbali wa seva ya huduma yenyewe. Programu nyingi za aina hii zina kipimo chao ndani.

Kipimo changu ni hiki. Chini ya milisekunde 40, cheza chochote. Hadi 80, mpira na magari bado yanachezeka. Ukizidi hapo, baki na michezo ya kupanga vita na kujenga miji. Ukipita 150, ile ya kupeana zamu tu. GeForce NOW, huduma ya NVIDIA ya aina hii, nayo inataka chini ya 80, pamoja na Mbps 25 kwa picha ya 1080p ya fremu 60.

Nikiwa bado naitaja GeForce NOW: ina programu ya Mac, na ngazi ya bure hukupa kipindi cha saa moja, kwa hiyo huna sababu ya kulipa kabla ya kujaribu. Angalia kwanza orodha ya nchi wanazohudumia, halafu orodha ya michezo. Wewe ndiye unayenunua mchezo kwenye maduka ya mtandaoni ya Steam au Epic, wao wanakukodisha mashine. Mpango huo naupenda. Google ilipofunga Stadia Januari 2023, wateja walirudishiwa pesa lakini maktaba zao zilikwisha. Mchezo ulio Steam unabaki wako hata huduma ikifa. VPN ya kujifanya uko nchi nyingine siishauri. Inarefusha safari, na akaunti yako inaweza kufungwa.

Sasa njia ninayoitumia mimi. Mdogo wangu ana kompyuta ya Windows yenye kadi ya picha ya RTX 3060 ambayo usiku hulala bure. Tuliweka kwake Sunshine, programu inayotuma picha ya mchezo, na kwenye Mac yangu Moonlight, inayoipokea, zote za bure. Ukishaweka Sunshine, fungua kivinjari kwenye kompyuta hiyohiyo, andika https://localhost:47990, utengeneze jina na nenosiri. Usiweke nenosiri jepesi, maana anayeingia hapo anaishika kompyuta yote.

Kwa kuwa hatuko nyumba moja, tuliweka pande zote mbili Tailscale, programu inayounganisha kompyuta zilizo mbali kana kwamba ziko kwenye mtandao mmoja. Laini nyingi za nyumbani hugawana anwani moja ya mtandao na wateja wengine, hivyo huwezi kuifikia kompyuta moja kwa moja kutoka nje. Tailscale hutatua hilo bila kugusa ruta. Kwenye Moonlight ongeza anwani ya Tailscale ya kompyuta ile, itakupa PIN ya tarakimu nne, mwenzako aiandike kwenye ukurasa wa Sunshine. Basi, mmeunganishwa. Ukiandika tailscale status na kuona neno "relay" badala ya "direct", data inapitia seva ya kati, na utalisikia hilo mkononi.

Kasarani hadi Umoja napata milisekunde 9. Watoa huduma wetu ni tofauti, ila hapa Nairobi kuna KIXP, kituo ambamo kampuni za mtandao hubadilishana data bila kuipeleka nje ya nchi. Upande wa mwenye kompyuta, kasi ya kupandisha ndiyo muhimu. Mimi naweka 1080p, fremu 60, Mbps 20, kodeki (njia ya kubana picha) ya HEVC ambayo M1 huifungua bila kupata joto. Mbps 20 ni GB 9 kwa saa, kwa hiyo usijaribu na bando la simu. Control, Option, Shift na S kwa pamoja huonyesha takwimu juu ya mchezo.

Picha ikikwamakwama wakati vipimo ni vizuri, mlaumu Wi-Fi. Nunua adapta ya USB-C na waya wa Cat6 pale Luthuli Avenue. Kama huna waya, hamia Wi-Fi ya 5 GHz, kisha kabla ya kucheza andika sudo ifconfig awdl0 down. Hiyo huzima kile kinachotumiwa na AirDrop, ambacho hurukaruka masafa na kukata picha. Hujirudisha chenyewe baadaye, kwa hiyo utaiandika mara nyingi.

Yamebaki ya kompyuta ya Umoja. Skrini ikizimwa, Windows inaweza kukosa mahali pa kuchora picha. Plagi bandia ya HDMI inaidanganya kwamba skrini ipo. Kila mwezi namtumia mdogo wangu shilingi 500 za tokeni. Na stima ikipotea halafu ikarudi yeye akiwa kazini, kompyuta lazima ijiwashe: ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, tafuta mahali pa kuchagua itakachofanya umeme ukirudi, chagua iwake. Kwenye Tailscale ya Windows washa "Run unattended", la sivyo itasubiri mtu aje kuandika nenosiri, na wewe uko Kasarani.