Kupima msuli wa sikio kwa milio mifupi na mirefu

Si kila mashine ya kliniki inakuruhusu kubadili urefu wa mlio. Hakikisha hilo kabla hujamwita mgonjwa. Akishakaa, chungulia sikio kwa otoskopu: nta ikiziba, au ngoma ikiwa na tundu, achana nacho kipimo hiki. Piga timpanogramu, yaani mchoro wa jinsi ngoma inavyolegea shinikizo la hewa sikioni likibadilika, kisha acha shinikizo pale kilele cha mchoro kilipo.

Tunachotafuta ni mkazo wa stapedio, msuli mdogo uliojishikiza kwenye mfupa wa kikuku. Sauti kubwa ikiingia, msuli unakaza na ngoma inakakamaa kidogo. Mashine huigundua hali hiyo kwa mlio wake wa hezi 226. Ulegevu wa ngoma mashine huuandika kwa mililita; mimi nahesabu badiliko la mililita 0.02 likijirudia kwa sauti ileile. Likitokea mara moja silihesabu, huenda mtu kameza mate. Ndiyo maana namwambia mapema: "Mzee, utasikia milio. Usinijibu, usimeze, tulia tu."

Anza na mlio wa milisekunde 500, panda kwa desibeli 5 hadi msuli uitike, kisha shuka na upande tena kwa hatua ndogo. Sauti ndogo kabisa inayouamsha msuli ndiyo kizingiti. Rudia kwa 200, 100, 50, 20 na 10, lakini uchanganye mpangilio, na kati ya mlio na mlio subiri sekunde mbili tatu msuli ulegee.

Hapa ndipo wengi hukwama. Kadiri mlio unavyofupika, ndivyo unavyohitaji nguvu zaidi: kutoka milisekunde 100 hadi 10, kizingiti hupanda desibeli 20 au zaidi, wakati kizingiti cha kusikia kwa kawaida hupanda kama 10 tu. Mtu mwenye kizingiti cha desibeli 90 kwa mlio mrefu atakudai zaidi ya 110 kwa mfupi. Mimi sivuki 105. Badala ya toni tumia kelele pana, ule mshindo wa redio isiyokamata stesheni. Yenyewe huamsha msuli kwa nguvu ndogo zaidi, hivyo unabaki na nafasi ya kupanda.

Mwanzo na mwisho wa mlio uwe wa taratibu, milisekunde 5 kila upande. Ukianza ghafla unatoa kishindo, na msuli utaitikia kishindo hicho.

Mwenye kelele masikioni, au anayeumizwa na sauti, simpimi hivi kabisa.