Wind Cave na familia nzima: jinsi ninavyoipanga safari yetu ya kila kiangazi

Tangu nihamie Sioux Falls, mji wa mashariki mwa jimbo la South Dakota, Marekani, kila kiangazi nakabidhiwa kazi ileile: kupeleka watu Wind Cave, hifadhi ya taifa yenye pango. Tulianza na gari moja. Safari ya mwisho yalikuwa magari matatu, watu kumi na tisa, mdogo kabisa ana miezi minane na mkubwa kabisa ni Bibi wa miaka sabini na mbili, ambaye alitangaza tangu sebuleni kwamba shimoni haingii mtu mzima mwenye akili zake. (Aliingia, na nitaeleza jinsi.) Watu hunipigia simu kuuliza maswali yaleyale, kwa hiyo nayaandika hapa kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Hifadhi yenyewe iko kusini-magharibi mwa South Dakota, kwenye vilima vya Black Hills, na kituo cha wageni kipo maili 11 kaskazini mwa mji mdogo wa Hot Springs. Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria ya kuianzisha tarehe 9 Januari 1903, na hakuna pango lingine lililopewa hadhi ya hifadhi ya taifa kabla yake. Chini ya ardhi zimepimwa njia za zaidi ya maili 150, zimesokotana chini ya kipande cha ardhi kisichozidi sana maili moja ya mraba. Juu yake ni mbuga ya nyasi na misitu ya misonobari. Wengi hukosea hapo: wanapanga pango tu, wanatoka, wanapiga picha na bango, wanaondoka. Kuingia hifadhini ni bure, unalipia ziara ya pango. Sasa mtu alipe ile ya kulipia aiache ya bure?

Hatua ya 1: Anza na magoti

Kabla ya kufungua ramani, jua nani anapanda ngazi na nani hapandi. Pangoni huruhusiwi kuingia peke yako, lazima uwe na mhifadhi, na kila ziara ina idadi yake ya ngazi. Garden of Eden ina kama 150 na huchukua saa moja. Natural Entrance ina kama 300, lakini nyingi ni za kushuka. Fairgrounds ina kama 450, za kupanda na kushuka, na hiyo usimpeleke mtu aliyesema goti linamsumbua "kidogo tu". Huyo ndiye utakayembeba.

Bibi tulimwekea Garden of Eden: unashuka kwa lifti na unarudi kwa lifti. Aliposikia kuna lifti alibadilika uso. "Kumbe kuna umeme huko chini?" Basi tukavuka.

Mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuona sehemu ya pango kwa utaratibu maalumu, ila piga simu hifadhini mapema, usifike ukaomba mlangoni. Vijana wenye damu moto wana ziara ya taa za mishumaa, kuanzia miaka 8, na ile ya kutambaa kwa tumbo, kuanzia miaka 16. Ya kutambaa nilikwenda mara moja. Nashukuru nilikwenda, na sirudi.

Kwa mgeni wa mara ya kwanza mwenye miguu mizima, mimi huchagua Natural Entrance bila kufikiri mara mbili, kwa sababu inaanzia kwenye lile tundu la upepo lililolipatia pango jina lake (Wind Cave ni Pango la Upepo).

Hatua ya 2: Nunua tiketi kabla ya kuweka hoteli

Watu hufanya kinyume: hoteli kwanza, tiketi wakifika. Juni hadi Agosti, ukifika saa tano asubuhi bila tiketi, unaweza kuambiwa zimeisha. Tiketi hukatwa kwenye tovuti ya Recreation.gov, na chache huuzwa dirishani siku hiyohiyo kwa anayewahi. Siku mbili kabla ya kusafiri, fungua tovuti ya hifadhi uangalie habari za lifti. Imewahi kuharibika hadi ziara zikasimamishwa kwa miezi, maana bila lifti hakuna njia ya kuwatoa wazee na watoto chini haraka.

Mkiwa na watoto wachanga, msikate wote tiketi za wakati mmoja. Mimi hugawa kundi mara mbili, likipishana kwa saa mbili hivi: akina mama wa kundi la kwanza wakitoka, wanapokea watoto wa kundi la pili. Aliyetimiza miaka 62, awe raia au mwenye kadi ya kijani, anaweza kuwa na pasi ya wazee ya hifadhi za taifa inayompunguzia bei ya ziara. Wazee wetu wengi wanastahili na hawajui.

Hatua ya 3: Kubalianeni kuhusu saa

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoharibu mwenyewe.

Kwanza, saa hubadilika njiani. Ukitoka Sioux Falls kwenda magharibi kwa barabara ya I-90, mahali fulani baada ya mji wa Murdo unavuka mstari wa saa za Mountain, na saa inarudi nyuma kwa moja. Simu itajirekebisha yenyewe. Saa ya kwenye dashibodi ya gari la zamani haitajirekebisha. Tiketi yako inasoma saa za kule, si za nyumbani.

Pili, na hili ndilo kubwa, kuna saa yetu na saa yao. Mwaka mmoja niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Ziara ni saa tatu, tafadhali msichelewe." Watu wazima wote walielewa asubuhi. Vijana waliozaliwa hapa, ambao Kiswahili wanakisikia jikoni tu, walielewa tatu ya kwenye simu, yaani alasiri. Wakaenda zao kuogelea Hot Springs. Tiketi sita zikapotea, na wa kulaumiwa nilikuwa mimi niliyeandika. Siku hizi naandika hivi: "9:00 AM, saa tatu asubuhi, saa za KULE." Inachosha macho lakini hakuna aliyepotea tena.

Panga kufika nusu saa kabla. Kuna foleni ya choo, na choo pangoni hakuna.

Hatua ya 4: Barabara, malazi, chakula

Sioux Falls hadi Rapid City ni kama maili 350, na I-90 inaruhusu maili 80 kwa saa. Kisha unashuka kusini kwa barabara ya 79 hadi Hot Springs na kupanda kaskazini kwa 385. Hesabu saa saba pamoja na kusimama. Sisi husimama Chamberlain, pale barabara inapovuka mto Missouri, watoto wakanyooshe miguu chini ya sanamu kubwa ya mama wa Kilakota (wenyeji wa asili wa huku) aliyejitanda blanketi.

Malazi yako Hot Springs, Custer na Rapid City. Kitu kimoja cha kukwepa: mwanzoni mwa Agosti waendesha pikipiki kutoka Marekani nzima hukusanyika Sturgis, na vyumba vya Black Hills yote hujaa au hupanda bei. Mwisho wa Agosti au Septemba ni tulivu zaidi. Ndani ya hifadhi kuna uwanja wa kambi, Elk Mountain, mzuri kwa wanaoweza kulala hemani bila kuoga, maana bafu hakuna.

Mgahawa wala kituo cha mafuta hifadhini hakuna, na mtandao wa simu unakatika. Kwa hiyo jaza tangi mjini, pakua ramani kwenye simu, bebeni maji na chakula. Sisi hubeba pilau kwenye kasha la barafu na kupasha kwa jiko dogo la gesi kwenye meza za mapumziko. Wanaokula halali tu wachukue nyama yao kutoka nyumbani.

Hatua ya 5: Viatu na sweta

Juu kunaweza kuwa na joto la nyuzi 35, pangoni ni nyuzi 12 mwaka mzima. Kila mtu sweta, hata yule anayesema yeye hasikii baridi. Viatu viwe vya kufunika, vyenye soli ya kushika, kwani sakafu huwa na unyevu. Ndara ziachwe garini.

Vigari vya watoto na mabegi ya mgongoni haviingii. Dari ni la chini mahali pengine, kwa hiyo mtoto mchanga mfunge kifuani kwa kanga, si mgongoni, umwone kichwa chake kilipo.

Na swali utakaloulizwa mlangoni: nguo au viatu ulivyovaa vimewahi kuingia pango lingine? Kuna ugonjwa wa kuvu unaoua popo, na mbegu zake husafiri kwenye nyayo za watu. Binamu yangu alikuja na viatu alivyovaa Amboni, Tanga, likizoni. Alijibu kwa ukweli, akaambiwa avae vingine. Beba jozi ya pili ukaepuka aibu.

Hatua ya 6: Ukiwa chini, tazama juu

Waambie watu wako mapema: hapa hakuna yale mawe yanayoning'inia kama mishumaa iliyoyeyuka. Kuna machache sana, kwa kuwa pango hili ni kavu kiasi. Aliyetarajia hayo atanuna. Kinacholeta wataalamu kutoka mbali ni dari: kuta nyembamba za jiwe zilizopishana kama sega la nyuki, ziitwazo boksiweki. Nyufa za mwamba zilijazwa madini ya kalsaiti, kisha mwamba laini wa katikati ukaliwa na maji, zikabaki zile kuta peke yake. Sehemu kubwa ya boksiweki inayojulikana duniani iko hapa. Usiiguse hata kwa kidole.

Pale tundu la asili, mhifadhi huinua utepe mwepesi. Hewa ya nje ikiwa na msukumo mkubwa kuliko ya ndani, utepe unavutwa ndani. Ikiwa na msukumo mdogo, utepe unapeperushwa nje. Pango linapumua kufuata hali ya hewa. Ndugu wawili wa ukoo wa Bingham walilikuta mwaka 1881, na inasimuliwa kwamba upepo ulimvua mmoja kofia.

Walakota walilijua zamani kabla yao. Kwao hapo ndipo watu walipotokea ardhini. Kundi la kwanza lilidanganywa likatoka kabla ya wakati, Muumba akaligeuza baisoni, yaani nyati wa Marekani. Waliotulia chini wakaja baadaye na kuishi kwa kufuata nyayo za baisoni hao. Ni mahali patakatifu hadi leo, kwa hiyo watoto wasipige kelele pale na mtu asichungulie akiwa na kipande cha kuku mkononi. Bibi aliposikia kisa hicho aliinama, akaweka kiganja usawa wa tundu, akakaa hivyo kitambo. Hakusema kitu, nasi hatukumuuliza.

Hatua ya 7: Mbuga ipewe asubuhi yake

Siku ya pili tunaamka saa kumi na moja alfajiri. Barabara ya changarawe ya NPS 5, inayochepuka kutoka ya 87, ndiyo yangu. Gari la kawaida hupita kukiwa kukavu, lakini baada ya mvua kubwa achana nayo.

Baisoni ndio wenye mbuga. Walikuwa wamekwisha kabisa eneo hili, ndipo mwaka 1913 wakaletwa kumi na wanne kutoka New York, na mwaka 1916 sita zaidi kutoka Yellowstone. Leo ni mamia. Dume linafika kilo 900 na hukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Sheria ni kukaa mita 23 mbali, mimi huongeza mara mbili, na Julai na Agosti, wanapopandana, sishuki garini kabisa. Nimegundua kitu: wazee waliokulia na habari za mbogo hawahitaji kuambiwa. Ni vijana wenye simu ndio wa kushikwa mashati. Baisoni wakiziba barabara, zima injini usubiri. Honi usipige.

Kuna viji-kindi vya ardhini ambavyo Wamarekani huviita mbwa wa mbugani, vinasimama wima mlangoni pa shimo na kupiga kelele ukikaribia. Usivilishe, na mtoto asitie mkono shimoni: ndani mnaweza kuwa na nyoka mwenye njuga mkiani, na viroboto vya huko huweza kubeba tauni. Septemba, jioni, utasikia madume ya elki, aina ya kulungu mkubwa, wakilia. Ni mlio mwembamba kama filimbi, huwezi kuamini umetoka kwa mnyama mkubwa vile.

Kwa kutembea, Rankin Ridge inatosha: mzunguko wa maili moja hadi kilele cha juu kabisa cha hifadhi, futi 5,013. Maliza kabla ya saa sita mchana. Alasiri za Juni na Julai radi huja ghafla na mvua ya mawe, na kileleni si pa kukutwa.

Mkibaki na saa mbili, Hot Springs kuna Mammoth Site, shimo la kale walikozama ndovu wa zama za barafu na mifupa yao bado inachimbwa ndani ya jengo. Watoto wetu walipenda hapo kuliko pango, sitaficha.

Hatua ya 8: Kurudi

Kagueni kupe kwenye soksi na nyuma ya masikio ya watoto kabla ya kupanda gari. Kisha kumbuka kwamba ile saa moja mliyoipata mkienda, inachukuliwa mkirudi. Ukiondoka Hot Springs saa sita mchana, saa saba za barabara zinakufikisha nyumbani saa mbili usiku, si saa moja. Kwetu kuna watu wa zamu ya usiku kiwandani, na hao ndio wanaopanga saa ya kuondoka: magari yanawashwa saa tatu asubuhi. Yaani 9:00 AM.