Jinsi ya kufungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki

Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inampa mkaazi yeyote wa nchi mwanachama, awe mtu binafsi au taasisi, haki ya kuishtaki Serikali au chombo cha Jumuiya pale sheria, uamuzi au kitendo chake kinapokiuka Mkataba. Shauri husikilizwa Arusha, kwenye Divisheni ya Awali.

Kabla ya kuandika chochote, tafuta tarehe. Una miezi miwili tu tangu uamuzi kutolewa au kitendo kufanyika. Kama hukuarifiwa, tangu siku uliyopata habari. Uamuzi wa Machi 3 unakupa hadi mwanzoni mwa Mei, basi. Hapa ndipo mashauri mazuri yanapofia. Wengi husubiri kwanza rufaa za nyumbani ziishe, ilhali Mkataba hauwadai hivyo, na siku zinahesabika. Mwaka 2012 Divisheni ya Rufaa ililiona shauri la mateso ya Mlima Elgon, Kenya, limepitwa na wakati, ikakataa hoja kwamba ukiukaji ulikuwa ukiendelea. Jambo zito kama lile! Usilale.

Ukishaijua tarehe, andaa maombi, kwa Kiingereza, ndiyo lugha ya Mahakama. Usiishie kuandika “nilinyimwa haki zangu”, maana mamlaka kamili ya Mahakama juu ya haki za binadamu bado yanasubiri itifaki, yaani makubaliano ya ziada ya nchi wanachama. Andika: “Uamuzi wa Machi 3 unakiuka Ibara ya 6(d) na 7(2)”, zinazodai utawala bora na utawala wa sheria. Katika shauri la Katabazi la mwaka 2007, Mahakama ilisema haitakwepa kutafsiri Mkataba eti kwa sababu tu haki za binadamu zimetajwa. Mjibu maombi ni Mwanasheria Mkuu wa nchi husika, au Katibu Mkuu wa Jumuiya.

Ambatanisha hati ya kiapo na nakala ya uamuzi wenyewe, kisha wasilisha kwa Msajili Arusha au kwenye masjala ndogo iliyo karibu nawe. Wakili si lazima, ila ningekushauri umtafute. Kama madhara hayawezi kusubiri hukumu, omba papo hapo amri ya muda chini ya Ibara ya 39.

Usiporidhika na hukumu, Divisheni ya Rufaa inasikiliza hoja za kisheria, mamlaka na kasoro za utaratibu. Ukishinda, Ibara ya 38 inailazimu nchi kutekeleza bila kuchelewa. Chukua nakala iliyothibitishwa ya hukumu uidai nayo.